Nilizima Kelele ya Usukani, Nikamsingizia Marehemu

Mimi ni fundi magari hapa Morogoro, na nimeua. Sijui niseme vipi ili makali yapungue. Watu wananisalimia vizuri, wananiletea magari yao, hawajui wanampa mkono mtu wa namna gani!

Niliyemuua ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Nitamwita Shomari, ingawa si jina lake. Kwetu Uluguru binamu ni mtani wako. Tulitukanana tangu utotoni, na asiyetujua angedhani tunataka kupigana. Alikuwa na kigari cha kubebea ndizi na abiria wawili watatu kati ya Matombo na mjini.

Siku hiyo akaja gereji, akaniambia mbele za watu, "We fundi wa kubahatisha, usukani wangu unagonga. Nikipita kwenye mashimo unalia kakaka, mpaka nausikia mikononi."

Nikacheka kwa nguvu. "Gari ni zima, masikio yako ndiyo mabovu! Nikikuta kitu humo naacha ufundi, nakwenda kuuza magimbi."

Gereji nzima ikaangua kicheko, na yeye akacheka.

Basi nikajilaza chini ya dashibodi, nikamwambia autikise usukani kushoto na kulia, gari likiwa limezimwa. Nikaishika ile shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani. Krosi, kile kiungo kinachoiunganisha shafti na vyuma vya chini, ilikuwa imekwisha. Ilicheza mkononi mwangu, na bolti inayoibana imelegea. Gari lilitakiwa lilale gereji mpaka ipatikane krosi nyingine.

Nilitakiwa kusema maneno mawili tu: "Shomari, umeshinda." Sikuyasema! Nilishajitapa, watu wamezunguka wanasubiri, na mtani wangu angenicheka mwaka mzima. Nikaikaza ile bolti kidogo, nikajiambia wiki ijayo nitamwita tuwe wawili tu, niibadilishe krosi kimyakimya. Kisha nikakata kipande cha mpira wa tyubu, nikakizungushia pale panapogonga, nikafunga kwa waya. Kelele ikafa.

"Kava la plastiki tu lilikuwa linachezacheza," nikamwambia. "Nenda zako, mzee wa kusikia mizimu."

Akaenda, roho yake imetulia.

Wiki ijayo haikufika. Alikuwa anateremka kutoka Matombo na mzigo wa ndizi, pamoja na mama mmoja mkulima wa huko aliyekuwa anapeleka iliki sokoni. Walipofika kwenye kona gari halikukata. Likanyoosha moja kwa moja hadi korongoni. Wote wawili wakafa palepale.

Niliitwa kusaidia kulivuta. Nikauona mpira wangu bado umefungwa, na shafti imeachana na krosi. Nikaung'oa, nikautia mfukoni. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ukafika msiba. Kwetu mtani ana kazi yake: humwigiza marehemu ili wafiwa wapate nguvu. Macho yote yakanigeukia mimi. Nikavaa kofia yake, nikashika ungo kama usukani, nikakimbia katikati ya watu nikipiga kelele, "Pisheni! Shomari huyo! Breki ni za waoga!"

Watu wakacheka huku wanalia. Jamani, Shomari hakuwa mtu wa kukimbiza gari! Lakini tangu siku ile kila mtu alikuwa na jibu, kwamba kilichomuua ni mwendo. Jibu hilo niliwapa mimi, nimevaa kofia yake.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Mke wake, shemeji yangu, hakupata usingizi kwa kumfikiria yule mama aliyekufa. Akaniomba nimsindikize kwa familia ya yule mama, tukaombe radhi. Tukapanda mlima. Mume wa marehemu, mzee mmoja Mkatoliki, mtaratibu, akatukaribisha barazani. Shemeji akatoa shikamoo, kisha akashindwa kuendelea. Ikabidi niseme mimi.

"Mzee, ndugu yetu alikosea. Alikimbiza gari. Tunaomba mumsamehe."

"Nilikuwa nimemlaani," mzee akasema. "Leo namwachia Mungu. Tumemsamehe."

Njia nzima ya kurudi shemeji alikuwa analia. "Asante, shemeji," akaniambia. "Hata mimi nimemsamehe leo. Nilikuwa nimemkasirikia mno, kutuacha hivi kwa ajili ya mbio zake."

Nikaitikia, "Ndiyo." Ndiyo! Kinywa hikihiki!

Siku hizi naswali, lakini nikifika kwenye dua ulimi unakuwa mzito. Nikisikia chuma kinagonga kwenye gari la mtu, silitoi gereji mpaka nikione.

Mafundi wenzangu, nawaomba. Gari likigonga, tafuteni kinachogonga, msikizibe mdomo. Mkijitapa kisha mkakuta mmekosea, kubalini kuchekwa. Kuchekwa kunauma siku mbili, kisha watu wanasahau. Na mkiharibu, msimtupie lawama aliye kaburini, maana hawezi kujitetea.

Na wewe shemeji, najua haya yatakufikia, na ukisoma utajua ni wewe. Mumeo hakukimbiza gari. Alisikia lina ubaya, akaacha kazi zake, akalileta kwangu litengenezwe. Ule msamaha uliompa, uchukue. Hakuwa na kosa.