Chupa Niliyoifukua Ili Mvua Inyeshe

Ijumaa alfajiri, siku moja kabla ya harusi ya dada yangu, nilichukua koleo nikaenda kuiba mvua.

Ndiyo, mvua. Msicheke bado.

Huku kwetu Alabama, ukitaka harusi yako isinyeshewe, mwezi mmoja kabla unafukia chupa ya wiski, mdomo chini, palepale utakapofungia ndoa. Siku yenyewe mnaifukua, mnainywa. Dada yangu Loralee alifukia yake kwenye bustani ya bibi yetu, Odell.

Shida ni kwamba harusi aliipanga Jumamosi ya mechi.

Nyumbu, timu ya chuo chetu, na Korongo, timu ya chuo cha ng'ambo ya mto, katika mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi. Wanaocheza ni wanafunzi, lakini siku hiyo hata vinyozi wanafunga vibanda. Na Korongo walikuwa wametutandika miaka tisa mfululizo.

Bwana harusi mwenyewe, Clayborn, ni Korongo damu damu.

Mimi naitwa Amos. Kazi yangu kubadilisha matairi. Ushairi nimejifundisha mwenyewe, na mdomo wangu hauna breki. Wiki hiyo nilibandika hili kwenye mlango wa mgahawa anaokula Clayborn:

*Korongo mwenye mabawa, mvua ikikunyeshea,*
*Bawa likisha kulowa, vipi utajirukia?*

Akanipigia simu.

"Shemeji, una maneno wewe. Tuwekeane dau basi. Mkishinda, naoa nimevaa masikio ya nyumbu. Mkifungwa, unavaa tai yetu ya bluu, unasimama mbele ya wageni wote, unawasifu Korongo kwa shairi."

"Andaa masikio," nikamjibu.

Nilipokata simu, nikaanza kupiga hesabu.

Korongo wana kijana anayeurusha ule mpira wa yai kama kombora. Uwanja ukiwa mkavu, tumekwisha. Mvua ikinyesha, mpira unateleza, harushi mtu. Inabaki kuukumbatia kifuani na kusukumana kwenye matope. Na kwa kusukumana, sisi tuna Friji. Kilo mia na thelathini. Jina lake halisi sidhani kama mama yake bado analikumbuka.

Utabiri ulisema huenda ikanyesha, huenda isinyeshe. Kizuizi kilikuwa kile kichupa cha Loralee.

Nikakifukua. Nikakificha chini ya kiti cha gari langu.

Jumamosi saa nne asubuhi, mbingu zikapasuka.

Mechi tuliitazama jikoni kwa Bibi Odell. Clayborn kavaa suruali ya harusi na fulana. Loralee yuko dirishani, kavaa shela, anaangalia viti vyake vyeupe vikielea bustanini.

"Niliifukia vizuri! Mdomo chini kabisa! Kwa nini lakini?"

Mimi macho kwenye runinga.

Na uwanjani mambo yalikuwa matamu! Yule kijana wa makombora kila akirusha, mpira unamponyoka kama sabuni. Zikabaki dakika mbili, Nyumbu pointi tatu, Korongo sifuri. Tulitakiwa kuushika mpira tu, basi.

Wakampa Friji.

Friji akapasua ukuta wao, akabaki peke yake. Nikapanda juu ya kiti. "Masikio! Leteni masikio!"

Mpira ukamchomoka kwapani.

Korongo mmoja akaudaka, akageuza, akakimbia uwanja mzima, akamalizia kwa tumbo kwenye matope nyuma ya mstari wetu. Hizo ni pointi sita. Sita kwa tatu.

Nikashuka kwenye kiti polepole.

"Shemeji," Clayborn akasema kwa upole wa kuudhi, "kocha wetu wiki nzima amewafanyisha mazoezi kwa mipira iliyochovywa kwenye ndoo ya maji. Wa kwenu je?"

Mimi nilikuwa nashughulikia mvua.

Loralee akajifuta machozi, akachukua koleo. "Basi hata wiski tuinywe."

Nikamzibia mlango. Shimo lilikuwa tupu.

"Dada, subiri," nikasema. "Ninayo mimi."

Nikaeleza yote. Aliniangalia kwa namna ambayo nilishukuru koleo lilikuwa mbali kidogo na kichwa changu.

"Wewe Amos! Umeninyeshea harusi kwa ajili ya Friji?"

Nikakimbia garini, nikaleta chupa. Bibi Odell ghafla akakumbuka vyombo vya kuosha.

Clayborn akamimina, akaonja, akakunja uso.

"Hii chai."

Sote tukageuka. Bibi akaendelea kusugua sahani.

"Mnanitazama nini? Nilikuwa na kikohozi. Nimeifukua wiki tatu sasa. Nikaweka chai, shimo lisikae bure."

"Kwa hiyo mvua hii…" Loralee akaanza.

"Imejinyeshea yenyewe, mjukuu wangu. Huyu mpumbavu kaiba chai."

Loralee alicheka mpaka akakaa sakafuni na shela lake.

Ndoa ilifungwa ghalani, trekta tumelisukuma pembeni. Nikasimama na tai ya bluu, nikasoma:

*Korongo nimekubali, nyumbu wangu kateleza,*
*Niliita mvua kali, mwenyewe ikaniliza.*

Wakapiga makofi kuliko walivyowahi kupigia shairi langu lolote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa limewekwa kwenye fremu sebuleni kwao. Kila Jumapili nikienda kula, Loralee ananikalisha kiti kinacholitazama.

Ndugu zangu, ukiitaka mvua, kwanza jifunze kushika mpira uliolowa, maana haitawanyeshea wenzako peke yao.

Na ukifukia chupa, bibi yako asikuone.