Kamba Iliyovutwa Kutoka Chini

Nilizaliwa Maganzo, ambako mtoto hujifunza kutazama chini kabla hajajua kusoma, kwa sababu mvua ikishanyesha udongo unaweza kukuonyesha kijiwe cha almasi. Mimi nikawa mtu wa kutazama juu. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, na siku moja kabla ya mkutano wa injili bango kubwa lilikatika upande mmoja. Wanaume waliotumwa kulifunga walikuwa bado wanabishana nani ashike ngazi. Nikakaza khanga juu ya suruali, nikapanda mlingoti.

Niliposhuka, fundi mkuu wa jukwaa, mtu mzima wa Kishapu mwenye sauti ya upole, aliniuliza, "Binti, huko juu umeogopa?"

"Nimeona bati la nyumba yetu," nikamjibu.

Akacheka. Juma lililofuata nilikuwa naye kwenye lori, nimekalia vyuma vya jukwaa, tunaelekea Kahama. Tangu siku hiyo kazi yangu ni hii: kusimamisha nguzo, kupitisha kamba kwenye kapi, kupandisha spika na taa na kuhakikisha hakuna kitu kitakachomwangukia mtu anayecheza chini yake. Mama yangu hakuipenda. Alisema mwanamke anayening'inia hewani mchana kweupe atapata mchumba wa aina gani. Nilipata, lakini hayo ni mengine.

Ninalotaka kusimulia lilitokea upande wa Kharumwa. Tulikuwa tumekwenda kufunga jukwaa la tamasha kwenye uwanja wa shule, pembezoni mwa machimbo ya wachimbaji wadogo. Nyuma ya uwanja ulikuwa unaona vichuguu vya mawe yaliyotolewa chini, maturubai ya bluu na moshi wa akina mama wanaopika. Asubuhi tulisimamisha nguzo za paa, tukajaribu spika kwa wimbo mmoja uliokuwa unapigwa kila mahali mwaka ule, kisha tukakaa kivulini kunywa uji. Nilikuwa na kikombe mkononi nilipoona watu wanakimbia. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanakimbia tu, wote kuelekea upande mmoja, na akina mama wameacha masufuria motoni.

Haikupita muda mrefu akaja mwanaume mwenye udongo mpaka kwenye kope. Alikuwa msimamizi wa duara moja, maana shimo la kuchimbia dhahabu huko wanaliita duara. Hata salamu hakutoa.

"Nyie mna kamba ndefu," alisema. "Mna vyuma. Duara letu limeshuka. Matimba yote yaliyoshikilia kuta yameingia ndani, na roli letu la kuvutia kamba limekwenda nayo. Kuna watu watatu, na tunawasikia."

Fundi mkuu hakuuliza swali hata moja. Alikwenda kwenye nguzo tulizokuwa tumezisimamisha na kuanza kuzifungua. Bosi wetu alikuwa Shinyanga mjini. Hakuna aliyempigia simu. Tulibeba nguzo tatu ndefu, kapi kubwa, kamba mpya na mikanda ya usalama, ile tunayovaa tukiwa juu, yenye sehemu za kupitisha mapaja na kifungo cha kifuani. Pale kwenye duara tuliegemeza nguzo tatu pamoja juu ya mdomo wa shimo, kama mafiga yaliyorefushwa, tukaning'iniza kapi katikati. Kazi ile tulikuwa tumeifanya mara nyingi kwa ajili ya spika.

Tatizo lilikuwa ukingo. Udongo ulikuwa unachirizika kila mtu mzito alipousogelea, na alihitajika mtu wa kukaa pale pale mdomoni aiongoze kamba isisuguliwe na mawe, na azungumze na walio chini. Fundi alinitazama. Nikaanza kuvaa mkanda wangu.

"Hapana," msimamizi alisema. "Mwanamke hasogelei duara. Tutapoteza wote."

Fundi alimjibu taratibu, "Ndugu yangu, kati yetu hapa nani mwepesi kuliko huyu na amezoea kuning'inia?"

Wakatazamana. Hapo ndipo sauti ilipotoka chini, ya mwanaume, kavu lakini haina papara: "Mleteni yeyote! Mleteni hata mtoto wa kanisani! Sisi huku hatuchagui."

Msimamizi alivua kofia yake, akaipangusa bila sababu, akakaa pembeni.

Walinifunga kwenye nguzo, nikalala kifudifudi kwenye ubao, kichwa changu kikiwa juu ya shimo. Hewa iliyopanda ilikuwa ya baridi na ilinuka baruti. Sikuona kitu isipokuwa nukta moja ya mwanga, tochi ya mtu.

"Dada," ile sauti ikasema, "wenzangu wawili wameumia. Mmoja mkono, mwingine hajielewi vizuri. Mimi mguu wangu umelaliwa na gogo, lakini mikono ninayo. Nieleze cha kufanya."

Niliteremsha mkanda mwingine. Nikamweleza hatua kwa hatua jinsi ya kumfunga mwenzake, kama nilivyofundishwa: miguu yote miwili ipite kwenye mikanda ya chini, mabega yafuate, kifungo cha kifuani akisukume mpaka akisikie kimelia. "Kimelia?" nilimuuliza. "Kimelia," alijibu. Nikainua mkono, na nyuma yangu wachimbaji waliokuwa wameshika kamba wakaanza kurudi kinyumenyume, polepole, fundi akiwahesabia hatua kwa sauti. Mtu wa kwanza alitokea mdomoni akiwa na rangi ya majivu, akanishika shingo kwa mkono wake mzima na hakutaka kuniachia. Wa pili alipanda kichwa kimelala, lakini anapumua.

Wa pili alipokwisha kutoka tulizungumza, mimi na yule aliyebaki chini. Alitaka kuzungumza, na mimi nilitaka azungumze.

"Ni nyie mlikuwa mnapiga muziki asubuhi?"

"Tulikuwa tunajaribu spika."

"Huku ulikuwa unafika mdundo tu, maneno hayasikiki. Tulikuwa tunabishana ni wimbo gani."

Nikamtajia wimbo.

"Basi mimi ndiye nilipatia," alisema. "Waambie hao uliowatoa. Wataukataa ukweli, lakini waambie."

Nilimuuliza kwao wapi. Akasema Kishapu, mama yake analima pamba na ana ng'ombe wachache. Nikamwambia fundi wetu naye ni wa Kishapu. Akasema, "Basi nipo mikononi mwa nyumbani."

Tukapanga alama. Vumbi lilikuwa linamkaba na kuongea kulimchosha, kwa hiyo nikamwambia ajifunge mkanda, kisha kila nitakapoitikisa kamba avute mara moja, nijue yupo. Tulijaribu kumpandisha kidogo. Alilia, tukaacha mara ile ile. Gogo lilikuwa halijamwachia. Mchimbaji mmoja mwembamba akajitolea kushuka na msumeno. Walikuwa wanamfunga kiunoni wakati ardhi ilipotoa sauti kama mtu anayesafisha koo. Upande wa pili wa duara ukaingia ndani.

Walinivuta nyuma kwa mkanda. Vumbi lilipotulia nilirudi kwenye ubao bila kuruhusiwa na mtu. Ile nukta ya mwanga haikuwepo. Niliita, na hakuna aliyeitika. Kamba ilikuwa bado imekwenda chini, imeingia kwenye kifusi. Niliitikisa.

Ikavutwa mara moja.

"Yupo!" nilipiga kelele. "Anavuta! Yupo!"

Sijawahi kuona watu wakichimba namna ile. Walianzia duara la jirani ili wamfikie kwa ubavuni, wakipokezana, wengine wakitumia sahani za chakula kutoa udongo. Mimi nilibaki na kamba mkononi. Nilikuwa nikiitikisa, nasubiri, na yeye anavuta. Wakati mwingine alikawia, halafu akavuta. Niliendelea kumsemesha ingawa nilijua hasikii. Nilimweleza habari za Maganzo, za lori letu, za mama yangu na wachumba wangu wa kufikirika. Jua lilishuka nyuma ya vichuguu vya mawe, mvuto ukawa mwepesi, kama wa mtu anayesinzia, kisha ukakoma.

Walimfikia kesho yake asubuhi. Msimamizi mwenyewe alikuja kunitafuta uwanjani. Alikaa chini mbele yangu, akaniita dada yangu, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

"Tumemtoa," alisema. "Dada yangu, nikuambie ukweli. Jiwe kubwa lilikata kamba juu yake pale pale lilipoanguka. Kipande chako kiliishia juu ya jiwe. Yeye alikuwa chini yake. Alikwenda wakati ule ule, hakuteseka. Hakuna mkono uliokuwa kwenye ile kamba."

"Alikuwa anavuta," nikamwambia.

"Najua ulivyosema. Sote tulikusikia."

Fundi alinieleza baadaye kwamba kifusi kikiwa kinatulia hushuka kidogo kidogo, na kila kinaposhuka huivuta kamba iliyofukiwa. Maelezo hayo nimeyakubali. Mchana huwa nayaamini kabisa. Lakini kifusi hakijui kusubiri mpaka mtu atikise.

Tamasha liliahirishwa mpaka mwili ulipoondoka kwenda Kishapu, kisha likafanyika, kwa kuwa watu walikuwa wametoka mbali na wachimbaji wenyewe walisema lifanyike. Tuliziosha nguzo udongo na kuzirudisha kwenye paa la jukwaa. Spika za upande wa kulia tulizipandisha kwa kipande kilichobaki cha kamba ile ile. Hatukuwa na nyingine. Nilikuwa juu, nimeipitisha kwenye kapi, nikiwasubiri waliokuwa chini waanze kuvuta. Ikavutwa mara moja, kwa upole. Nilitazama chini. Hakuna aliyekuwa ameishika. Mwisho wake ulikuwa umelala kwenye nyasi.

Sikupiga kelele. Nilisubiri mpaka fundi alipofika na kuishika, tukaendelea na kazi. Alasiri ile, wimbo ule ulipopigwa, niliwaona wachimbaji wamesimama pamoja upande mmoja. Hawakucheza, ila hawakuondoka.

Fundi aliikata kamba ile vipande vipande na kuichoma tuliporudi Shinyanga. Haikusaidia. Zimenivuta kamba nyingine, uwanjani Kahama, kwenye harusi Geita mjini, kwenye mahafali ya chuo. Mvuto huo hauji kila siku. Unakuja nikiwa nimetulia, mkono umelegea, sifikirii lolote.

Mwishowe fundi alinipeleka kwa mama wa marehemu. Tulimkuta anafunga ndama. Tukamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia, akatupatia viti, akanitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Ndiye wewe uliyeongea naye?"

"Ndiye mimi, mama."

Nilimweleza yote. Nilimweleza jinsi mwanawe alivyowafunga wenzake mkanda, habari za wimbo na ubishi wao, na alichosema kuhusu nyumbani. Alicheka kidogo kwenye wimbo. Alisema mwanawe tangu utoto hakuwahi kukubali kushindwa. Nilimweleza jinsi alivyokuwa akivuta kamba. Halafu, kwa sababu sikutaka kumdanganya mama wa mtu, nikamweleza la jiwe.

Fundi akajifanya anaangalia ng'ombe.

"Hilo la jiwe umeniambia la nini?" mama aliniuliza. Hakupaza sauti. "La kamba lilinitosha. Ungeniachia la kamba."

Nilisema pole, akatikisa kichwa kama anayefukuza inzi. Kisha alichukua kamba aliyokuwa anamfungia ndama, akanipa ncha moja na nyingine akabaki nayo.

"Nionyeshe alivyovuta."

Alifumba macho. Nilisubiri kidogo, kwa maana hakuwa akivuta haraka, kisha nikavuta mara moja. Alikaa na kamba mkononi muda mrefu. Aliniambia, "Tena," nikavuta tena. Baada ya hapo aliingia ndani, akatuletea ugali na mlenda, tukala. Tulipoaga alinisindikiza mpaka barabarani na kuniambia kwamba wakati wa kuchuma pamba huwa hana mikono ya kutosha.

Nilikwenda msimu ule, na nimekuwa nikienda kila msimu. Naomba ruhusa kwa bosi, napanda gari la Mhunze, huko huko Kishapu, nalala kwake kwenye chumba ambacho bado kina viatu vya kiume nyuma ya mlango. Sisi si watu wa kumzungumzia sana. Tunachuma, yeye mstari wake na mimi wangu, gunia katikati.

Msimu uliopita nilisimama ghafla katikati ya shamba, pamba mkononi, kamba hakuna. Aliniona.

"Amekuvuta?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi alinivuta alfajiri, nikiwa nateka maji kisimani," alisema. Akakaza khanga kiunoni, akainama tena. "Haya, tumalize mstari huu kabla jua halijakolea."