Khanga Iliyochakaa Kabla ya Kuvaliwa

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: wino, mafuta ya taa tuliyosafishia vifaa, na khanga mpya zenye wanga zilizopangwa karibu kugusa dari. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Bi Mwanaidi aliingia karakana bila kubisha hodi, mtu ambaye hata mlango ukiwa wazi hubisha. Akaweka doti moja mezani, akaikunjua polepole, akaniuliza, "Saada, mimi nimekukosea nini?" Nami, mjinga wa watu, nilikuwa nasubiri anisifu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Nyie watoto wa simu mnapenda kuruka mwanzo, halafu mnauliza imekuwaje.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imeshafunguliwa, ruksa imetanda. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni utotoni sasa tulikuwa tunachagua sabuni kwa rangi yake. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nafanya kazi Kariakoo kwa Mzee Jayanti, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Dar, anaishi Upanga, mpole lakini hana mchezo na kazi. Tulichapa fulana, kalenda, kadi za harusi. Na tulichapa majina ya khanga: khanga ilitoka kiwandani na pindo lake na mji wake wa katikati, ila pale pa jina pamebaki patupu, mteja aje na maneno yake. Kazi yangu ilikuwa kuyaandika yale maneno kwa brashi juu ya karatasi ya plastiki, herufi moja moja, kabla hayajahamishiwa kwenye fremu ya kuchapia. Mzee alinifundisha mwenyewe. Herufi ikipinda, alikuwa haongei, anaifuta tu kwa kitambaa na kuondoka.

Kisha ikaja kompyuta. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nami kidonda changu nilikipenda haswa. Iliwekwa chumba chake, ikafunikwa kitambaa cheupe, na kuingia humo ni kuvua viatu. Mzee Jayanti hakuitaka sana. Mimi ndiye niliyejifunza programu ya kutengenezea picha, kwa kubahatisha na kuharibu. Baada ya miezi michache watu wakawa wanapita dirishani kuniangalia ninavyosogeza kipanya. Kichwa kikavimba. Nikaanza kumwona mzee yule na brashi zake kama mtu wa kale.

Siku moja nikapata fulana kwenye mitumba kule Ilala. Kifuani ina maandishi yaliyopasukapasuka, kama yamefuliwa miaka kumi. Kuitazama vizuri, kumbe bado ina kibandiko cha dukani, haijavaliwa hata mara moja! Wenyewe waliichakaza makusudi. Loo, nilishangaa, nikaona huo ndio ustadi sasa. Nilikaa siku tatu kutafuta wanafanyaje. Mwisho nikapiga picha ukuta wa nyumba tuliyopanga Buguruni, ule wa upande wa chooni, ambao rangi yake ilikuwa imebabuka vibaya sana. Nikaiingiza picha kwenye kompyuta, nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, nikailaza juu ya maandishi, nikaiamuru mashine kwamba popote rangi ilipobabuka ukutani, na herufi ifutike. Ikafutika. Nikachukua brashi ya vidoadoa, ile ya humo humo kwenye mashine, nikaula ukingo wa kila herufi hapa na pale. Neno likaonekana la zamani kuliko mimi. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Wiki hiyo hiyo ndipo Bi Mwanaidi akaja na kazi yake. Mwanawe anamwoa Rehema, binti wa Buguruni, babake fundi wa magari. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo. Siku ya posa, shangazi mmoja wa upande wa Bi Mwanaidi, wa ulimi mrefu, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba leo binti huyu wa mitumba naye atavaa cha dukani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wale watu waliumia. Bi Mwanaidi aliomba radhi kwa mdomo, lakini alijua mdomo hautoshi, ndiyo maana alitaka sare ya khanga kwa wanawake wote wa kule, na doti ya bibi harusi mwenyewe, yenye maneno aliyoyatunga kwa siku kadhaa: KARIBU MWANANGU, NYUMBA NI YAKO. Akaniambia maandishi yawe manene na safi, maana bibi yake Rehema macho yamepungua, na huyo bibi hasa ndiye aliyetakiwa ayasome.

Mzee Jayanti hakuwepo, alikuwa hospitali akimuuguza mkewe. Alikuwa na sheria moja: kazi haichapwi mpaka mteja aletewe karatasi ya kwanza, aione, aseme ndiyo. Mimi nikaiona sheria ya kizee. Nikajiambia mteja hajui anachotaka mpaka aonyeshwe. Nikayapitisha maneno ya Bi Mwanaidi kwenye ule ukuta wangu, nikachapa doti zote, nikazifunga vifurushi kwa utepe, nikamwambia asifungue, nimemwandalia kitu ambacho Kariakoo nzima hawajakiona. Aliniamini. Alikuwa anamjua mama yangu.

Jumanne alasiri masinia ya zawadi na sanduku la bibi harusi yakabebwa kichwani, ngoma na vigelegele mpaka Buguruni. Vifurushi vikafunguliwa mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Mama mdogo wa Rehema akainua ya kwanza, akaitazama, akaipitisha kwa mwenzake. Kelele zikaisha. Mwanangu, wewe umezaliwa na mitumba imejaa kila kona, hujui neno "imechuja" lilivyokuwa linamchoma mwanamke aliyepelekewa khanga. Walichokiona wao ni nguo zilizopauka, zilizokataliwa mahali, wakaletewa wao kwa kuwa ni watu wa Buguruni. Masinia yalirudishwa jioni ile ile, pamoja na sanduku la bibi harusi. Baba mtu akasema hamwozi mwanawe kwa watu wanaomdharau. Ndoa ilikuwa iwe Ijumaa hiyo.

Haya yote Bi Mwanaidi alinieleza akiwa amesimama. Nikamwambia, kwa haraka ya ujana, kwamba huo ni mtindo, kwamba hawajaelewa tu. Hakunigombeza. Alisema, "Basi twende ukawaeleweshe."

Tulipofika, nyumba ilikuwa kimya kuliko ya msiba. Bi Mwanaidi hakukaribishwa ndani. Alibaki kasimama barazani, mwanamke mzima anayeheshimika sokoni, watu wakimpita na kumwangalia. Ukumbini nilimpita Rehema ameegemea mlango, mkono mmoja una hina, mwingine mtupu. Walikuwa wameanza jana, habari ilipofika wakaacha. Aliniangalia kwa macho mekundu.

Bibi yake, Bi Kidawa, alikuwa kwenye mkeka na wanawake wamemzunguka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nikae. Nikaanza kueleza mtindo. Nikaeleza fulana za vijana, nikaeleza kompyuta, nikazidi kueleza kadiri walivyozidi kukunja uso. Akaiomba ile doti. Akaileta karibu na jicho, akapitisha ukucha juu ya herufi, akaniuliza uchakavu huu nimeutoa wapi. Nikajibu ukweli kabla sijaupima, kwamba ni ukuta wa chooni kwetu. Mwanamke mmoja alipaliwa na kicheko, wenzake wakamtazama akakimeza.

Bi Kidawa hakucheka. Aliagiza khanga yake moja kutoka sandukuni, akaitandaza pembeni ya ile yangu. Ilikuwa imelainika kama majani ya kunde yaliyochemka, jina lake halisomeki nusu. Akanionyesha kwa kidole. Hapa pamekwisha kwa fundo la mbeleko, watoto watano. Hapa ni moshi wa mafiga. Hapa alikuwa anapashika mumewe akitaka ainuke kitandani, mwaka mzima wa ugonjwa wake, mpaka akaondoka. Kwingine kote herufi zilikuwa bado nyeusi, nzima. Nikaangalia za kwangu: zimebabuka sawasawa kila mahali, na hakuna aliyezishika.

"Hii nimeichakaza mwenyewe, na sijutii," alisema. "Ya mjukuu wangu umemtangulia kuivaa. Nani alikutuma?"

Mwanangu, sitakudanganya. Majibu mengine yalinijia, tena matamu. Ningeweza kusema mteja ndiye aliyetaka hivyo. Ningeweza kusema mashine imekosea, na pale ndani nani alikuwa anaijua kompyuta? Nilimkumbuka Bi Mwanaidi kule nje, nikaona kwamba nikisema neno moja tu la kujiokoa, yule mama hataingia nyumba hii tena maisha yake, na Rehema hataolewa Ijumaa wala siku nyingine. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilisema, "Hakuna aliyenituma, bibi. Yeye aliomba herufi safi ili wewe uweze kusoma. Nilijiona najua kuliko yeye. Kosa ni langu peke yangu." Kisha nikalia, na sikuona aibu ya kulia.

Bi Kidawa aliikunja khanga yake. Akasema, "Kumbe kosa lina mwenyewe. Basi si la ukoo." Akaomba ainuliwe. Akatembea, anapapasa ukuta, mpaka barazani, akamshika Bi Mwanaidi mkono, akamwambia, "Ingia mkwe wangu, jua kali." Bi Mwanaidi alijifunika uso kwa mtandio wake palepale mlangoni, mabega yanamtikisika. Wanawake wote tuliinama chini, kila mtu akitafuta kitu cha kuangalia.

Mzee Jayanti alirudi alasiri, nikamweleza lote bila kupunguza. Nilitegemea kufukuzwa. Alikwenda kabatini, akaniwekea mbele karatasi ya plastiki na brashi, akasema, "Andika." Yeye akaenda Mchafukoge kwa ndugu zake wenye duka, akarudi na khanga nyingine zisizo na jina. Niliandika, akafuta. Niliandika tena. Ya tatu akaiacha. Akaniagiza niipeleke karatasi kwa Bi Mwanaidi kwanza, kisha Buguruni kwa bibi. Bi Kidawa aliyafuata maneno kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuo cha Kurani, alipofika mwisho akasema ndiyo. Alhamisi nzima tulichapa. Ijumaa Rehema aliolewa, mikono yote miwili ina hina, na khanga yake ikimwakia rangi mpaka macho yanauma.

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia. Sikukatazi kuchakaza maandishi kwenye hiyo kazi yako. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi baada ya pale, kwenye mabango ya maigizo na majalada ya kanda, na nimesifiwa kwayo. Ila kabla hujagusa kitu cha mtu, uliza kitakwenda mikononi mwa nani, na yeye ataona nini, maana wewe unatazama ustadi wako, mwenzako anatazama heshima yake. Kuuliza si ujinga. Mteja akikwambia anataka safi, mpe safi. Maneno ni yake, wewe umeazimwa tu. Kazi yako aione kabla haijatoka, hata kama unajua kuliko mji mzima. Na ukitaka kuigiza uzee, basi uchunguze uzee wenyewe kwanza, ujue kila doa limetoka wapi, maana kitu hakichakai ovyo, kinachakaa pale kinaposhikwa.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea tu, usitafute pa kulitupia kosa. Sema ni langu. Neno hilo ni dogo na linaunguza kinywa, lakini nimeliona kwa macho yangu likimwingiza mtu ndani kutoka juani.

Haya, nenda kafanye kazi yako. Mungu akubariki mwanangu, akupe vipya vingi, na akupe umri mrefu wa kuvichakaza kwa mikono yako mwenyewe.