Kura ya Harmon Blevins

Harmon Blevins aliingia bungeni ana miaka thelathini na miwili, kifua kimeshaanza kukoroma kwa vumbi la mgodini. Watu wa milima ya Tolliver walimchagua kwa sababu moja tu: alikuwa hachoki. Mzee akinyimwa fidia ya mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, Harmon aliandika barua, akaandika nyingine, na ya tatu akaipeleka mwenyewe, akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka mkubwa akachoka kumwona. Kwa jumla walimpeleka bungeni mara kumi na nne, na kila kipindi ni miaka miwili.

Hotuba haikuwa kazi yake. Wenzake katika bunge la jimbo walimwita Bwana Ndiyo-na-Hapana, maana maneno mengine hakuwa nayo. Alibonyeza kitufe chake cha kura, akachukua kofia, akarudi milimani kula maharage na mkate wa mahindi wa mkewe, Lorena.

Ila mara moja alisema, na ndiyo iliyokuja kumtoa jasho. Ilikuwa katika mwaka wake wa kumi. Kampuni ya Stroud ilikuwa na bwawa kubwa juu ya bonde la Laurel Fork, ambamo ilimwaga matope meusi yanayobaki baada ya makaa ya mawe kuoshwa. Stroud walisema wakaguzi wa serikali wakiendelea kuwaandama, mgodi utafungwa. Harmon akasimama, akaomba kifungu kimoja kidogo: bwawa lile likaguliwe na kampuni yenyewe. Kikapita. Watu walimfanyia karamu kanisani, wakambeba mabegani.

Miaka kumi na minane ikapita. Mwezi Machi, mvua ilinyesha siku tisa mfululizo juu ya theluji ambayo haijayeyuka. Jumapili, watu wakitoka ibadani, mdogo wake Dallas alikuja nyumbani. Dallas alikuwa msimamizi wa bwawa la Stroud. Aliingia jikoni, hakuvua koti, hakuketi.

"Shemeji, tuachie nafasi kidogo," alimwambia Lorena. Lorena alipotoka, akasema, "Kaka, maji yanayovuja chini ya tuta yamegeuka rangi."

"Yamegeukaje?"

"Mwaka jana yalikuwa safi, unaweza kunywa. Sasa yanatoka meusi, na yanatoka na mchanga. Tuta linaliwa kwa ndani."

"Wakubwa umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamenijibu nimwage kokoto na nifunge domo langu."

Harmon aliweka uma mezani. Chini ya bwawa lile kulikuwa na nyumba tisini na shule ya msingi. "Basi njoo useme bungeni, mdogo wangu. Wewe ndiye umeona."

"Niseme nile wapi? Nina watoto watatu. Ukinitaja, Harmon, nakuapia, mimi na wewe undugu umekwisha. Na wewe niapie."

Harmon alimtazama. Alimlea Dallas tangu baba yao alipofukiwa mgodini. "Naapa," akasema.

Kesho yake asubuhi alipanda kwenda bwawani peke yake, akapitia msituni. Mvua ilikuwa bado inamwagika. Alishuka mpaka mguuni mwa tuta, akakinga maji kwa kiganja. Yalipochuruzika, mchanga ulibaki mkononi. Mlinzi alimfokea kutoka juu: "Wee! Toka hapo!" Alipomtambua akashusha sauti. "Samahani, Mheshimiwa. Lakini hapa huruhusiwi hata wewe."

Bunge lilibakiwa na siku nne kabla ya kufungwa. Harmon aliandika marekebisho ya mistari mitatu: kile kifungu chake kifutwe, na mkaguzi wa serikali afike bwawani ndani ya siku mbili. Spika, bwana mmoja mnene aitwaye Whitlow, alimwita ofisini.

"Harmon, umelewa?"

"Sijanywa kitu tangu nibatizwe."

"Basi sikia. Hiki kitu ukikileta ukumbini, chama hakikujui. Uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja utapambana na mtu wetu, na Stroud watambeba. Miaka ishirini na minane unaitupa kwa sababu ya tope?"

"Mheshimiwa Spika, limekaa juu ya shule."

"Limekaa hapo miaka yote. Nenda ukapumzike."

Habari zilimtangulia nyumbani. Alipoingia kwa kinyozi, mazungumzo yalikatika kama yamekatwa kwa mkasi. Kisha Virgil, aliyeteremka naye mgodini ujanani, akamwambia bila kugeuka kwenye kiti: "Karibu, Mheshimiwa. Umekuja kunyoa, au umekuja kutuuza tuliobaki?"

"Virgil, nimeyashika yale maji kwa mkono wangu."

"Na mimi nimeshika njaa kwa mikono miwili. Mgodi ukifungwa, utakuja kutulisha hizo barua zako?"

Watu walicheka. Harmon aliondoka bila kunyolewa.

Siku ya kura, Stroud walileta wafanyakazi kwa mabasi sita. Wakajaza roshani ya wageni, kofia za mgodini kichwani. Harmon aliinua macho, akamwona Dallas safu ya mbele, kati ya mameneja wawili, mikono imeshika ukingo.

Aliposoma mistari yake mitatu, alisimama Garrett Sneed, mjumbe kijana aliyekuwa mkono wa kulia wa Spika.

"Mheshimiwa Blevins, wewe ni mhandisi?"

"Hapana."

"Kampuni ina wahandisi wanne, wote wameweka sahihi kwamba tuta ni zima. Wewe nani kakwambia ni bovu?"

Harmon aliikunja karatasi yake.

"Nauliza tena. Kuna mtu kakwambia, au umeota? Kama yupo, mtaje. Kama hayupo, usitupotezee muda."

Kule juu Dallas alikuwa ameinamisha kichwa, na meneja mmoja alikuwa akimtazama yeye, si Harmon. Neno moja lingetosha kushinda kura. Neno hilohilo lingemwangamiza mdogo wake.

"Mtu nitamtaja," akasema mwishowe. Dallas aliinua uso, umekuwa kama wa maiti.

"Mtaje!"

"Anaitwa Harmon Blevins. Ndiye aliyesimama hapahapa miaka kumi na minane iliyopita akaomba wakaguzi waondolewe. Hakwenda kulitazama bwawa. Hakumuuliza mtu yeyote anayeishi chini yake. Aliambiwa mgodi utafungwa, akaogopa kukosa kura. Tuta likibomoka, wale watoto nitakuwa nimewazika mimi. Jumatatu nilipanda nikakinga yale maji, mchanga ukabaki mkononi. Sina mhandisi. Naomba mtume mhandisi wenu, na akisema mimi mwongo, nitajiuzulu siku hiyohiyo."

Akakaa.

Spika aliamuru kura. Kwenye ubao taa zilianza kuwaka, za kijani na nyekundu, zikifukuzana. Arobaini na tisa kijani. Arobaini na tisa nyekundu. Mjumbe mmoja alikuwa hospitalini. Aliyebaki alikuwa Imogene Pruitt wa chama cha pili, bibi wa miaka sabini ambaye alikuwa hajamsalimia Harmon kwa miaka kumi na miwili. Aliketi akifuta miwani yake.

"Bi Pruitt, muda unakwisha," Spika akasema.

"Nasikia, si kiziwi. Tangu nimekuja humu sijawahi kusikia mtu akikiri kosa. Nilitaka kuhakikisha sikuota." Akabonyeza. Kijani.

Wakaguzi walifika siku ya pili. Ndani ya tuta walikuta tundu ambalo mtu angepitisha mkono mpaka begani. Watu wa Laurel Fork walihamishwa wiki tatu, matope yakaanza kuvutwa kwa pampu, mgodi ukafungwa miezi minne. Tuta halikubomoka.

Na kwa kuwa halikubomoka, watu hawakumsamehe. "Ulitutisha bure," walimwambia sokoni. "Iko wapi hiyo gharika yako?" Mwezi wa kumi na moja alishindwa kwa kura mia tatu na kumi na moja.

Asubuhi iliyofuata Dallas alikuja, amevaa nguo za kazi, macho mekundu. Mgodi ulikuwa umeshafunguliwa.

"Nitawaambia, kaka. Leo, zamu ikikusanyika. Nitawaambia mimi ndiye niliyeona kwanza."

"Ili iweje?"

"Ili wajue hukusema uongo!"

"Wakijua, mimi sirudi bungeni, na wewe unafukuzwa. Nani kapata nini? Mimi nilikuapia, Dallas. Usinivunjie kiapo changu."

Dallas alisimama pale mlangoni, akaanza kulia kama mtoto. Harmon alimvuta, akamkalisha kwenye kiti, Lorena akamwekea mayai. Alikula kidogo, akanawa uso, akaenda zamu. Hakusema, si siku ile wala baadaye.

Harmon aliishi miaka tisa mingine kabla ya mapafu kumchukua. Bwawa la Stroud lilikuwa limekwisha kukauka, na zile nyumba tisini zilikuwa bado zina watu.