Mama Sponji Aenda Kuomba Kazi

Fundi wa kuvisha viti vitambaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sponji, aliishi ughaibuni miaka tisa, na huko alikuwa mkurugenzi. Cheo hakujipa. Alipokwenda kusajili kibanda chake chenye cherehani moja, karani alimwonyesha kwenye fomu mahali pa kuandika jina la mkurugenzi, akasubiri. Ilipita miezi mitano kabla hajagonga msumari wa kwanza: mkaguzi mmoja alikuja kupima upana wa mlango, mwingine akaja kunusa gundi. Lakini alipougua mgongo, mfuko wa bima wa waliojiajiri ulimtunza hadi akainuka.

Aliporudi nyumbani, Jumatatu alikodi chumba, Jumatano akapata wateja. Hakuna aliyepima mlango. Ila ndugu walianza kumwonea huruma.

"Vumilia, mdogo wangu," dada yake alimwambia. "Kazi itapatikana tu."

"Ninayo, dada."

"Hiyo ni ya kujishikiza."

Mama yao naye kila jioni alimwombea kwa sauti apate kazi, binti mwenyewe akiwa palepale anapigilia kitambaa. Mama Sponji alikuwa akigonga taratibu, asimkatize.

Hatimaye dada alimtafutia usaili ofisini kwao, nafasi ya mtunza stoo. Akaenda, ili nyumbani pakalike.

Walimkalisha mbele ya watu watatu.

"Kwa sasa unafanya kazi wapi?" aliuliza mzee wa katikati.

"Kwangu."

Mzee akaandika. Mama Sponji akachungulia: *Hana kazi.*

"Kwa nini unataka kuajiriwa?"

"Mama anataka."

Kiti alichokalia kilikuwa kinamchoma. Akasimama, akakipindua miguu juu.

"Springi imekatika. Na wewe mzee naona umekalia upande mmoja. Kiuno kinakuuma tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi," mzee akajibu, kisha akakumbuka kwamba mwenye kuuliza maswali ni yeye.

Kazi ya stoo hakuipata. Walisema hakujieleza vizuri. Viti kumi na vinne vya ofisi, hata hivyo, vililetwa kwake kesho yake.

"Umepata kazi?" mama aliuliza.

"Nimepata, mama."

"Ya kudumu?"

"Inategemea wanavyokaa."

Mwaka huohuo homa ilimlaza wiki mbili, na hakuna mfuko wowote uliomkumbuka. Hilo lilimuuma kuliko homa. Wateja ndio waliokuja kumjulia hali, kila mmoja na kipande chake cha kitambaa. Mama aliwapokea mlangoni, akawauliza wanataka nini na kwa nini, akawapangia zamu. Mgonjwa alipoinuka, alikuta mama amekubali kazi za miezi mitatu, na wateja wawili ambao hakupenda majibu yao amewaambia wakajaribu kwingine.