Mahindi ya Askari

Asubuhi ile nilikuwa nikitoa chanjo katika kituo chetu cha afya, Makambako. Ukungu ulikuwa haujainuka, na akina mama kutoka Mahongole walitaniana kwenye benchi juu ya mtoto wa nani ni mzito zaidi. Vita vya Kagera tulivisikia redioni. Kwetu vilikuwa michango: mbuzi, maharage, na mahindi yaliyorundikwa katika ghala jirani na stesheni, yakingoja kusafirishwa kwa askari.

Katibu wa chama aliyesimamia michango hiyo hakutaka aibu ya kupeleka mahindi yenye fukusi. Aliagiza yapakwe dawa ya unga ya kuua wadudu, mara mbili ya kipimo. Simsingizii. Alilitangaza mwenyewe mkutanoni, akapigiwa makofi.

Kabla ya adhuhuri Mama Tumaini aliingia mbio, mwanawe mgongoni, akinisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, Sista. Mate hayakatiki!"

Watoto walikuwa wameokota mahindi yaliyomwagika ghalani, wakayakaanga. Tumaini, aliyekuwa na miaka mitano, ndiye aliyekula mengi. Bibi yake alikwisha kumnywesha maziwa, akiamini yanakata sumu.

Mboni zake zilikuwa zimebana kama tundu la sindano. Kifua kilikoroma. Nilimlaza ubavu, nikamfyonza mate, nikamvua nguo zilizojaa vumbi la dawa na kumwosha kwa sabuni. Nikamchoma atropini, dawa ya kupinga sumu ile. Kifua kikaanza kukauka, kisha kikajaa tena. Nikarudia, hadi kichupa cha mwisho. Mgao wetu wa dawa ulikuwa umeelekezwa vitani. Katika hospitali ya Njombe dawa ilikuwapo.

Landrova ya kituo, iliyochukuliwa kwa ajili ya michango, ilikuwa mbele ya ghala, imejaa mbuzi. Tulikimbilia huko na mtoto.

"Ndugu Katibu, naomba gari. Mtoto anakufa."

"Gari ni la vita, binti. Unataka askari wetu wale nini?"

Mama Tumaini alimsogelea. "Baba yake ni askari huyo huyo unayemlisha. Mbuzi wapande gari, mwanawe atembee?"

Baadhi ya wapakizi walicheka. Katibu alimwagiza dereva aondoke.

Tulipata lori la mbao. Nilikaa na mtoto mapajani, nikimpulizia hewa kwa mpira wa kupumulia uliofunika pua na mdomo.

Barabara ilikuwa mbovu.

Mpira uliteleza usoni. Nikaurudisha.

Mama alikuwa akimwita.

Kabla ya kuingia Njombe mjini moyo ulisimama. Niliendelea kupuliza mpaka dereva aliposhuka, akaja akanishika mkono.

Taarifa ya michango iliposomwa, kata yetu ilipongezwa. Juu ya Tumaini hapakuwa na neno. Nimetumikia serikali hadi kustaafu, na bado nasema kwamba taarifa ile haikuwa ya kweli.

Baba yake alirudi kutoka vitani bila jeraha. Alikuja kituoni akiwa bado na buti za jeshi, akasimama hadi nilipomkaribisha kiti.

"Sista, vita tulikuwa navyo sisi kule. Huku vilifikaje?"

Nilimweleza yote kwa utaratibu: ghala, dawa, mbuzi, lori. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama mtoto alilia.

Nikamwambia hapana. Hakuwa na pumzi ya kulilia.

Alitikisa kichwa, akashukuru kwa adabu, akatoka. Hakuniuliza jina la Katibu. Alikuwa akilijua, kama sisi sote.