Tanuru la Kambo

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

Nilikuwa kijana wa mjini, mzaliwa wa Lubumbashi, na kiburi changu chote cha miaka ishirini. Kiangazi kile nilipanda milimani kwa kambo, babu yangu, kumfyatulia matofali ya nyumba mpya. Juu ya kilima, nyuma ya kijiji, kulikuwa na tanuru la udongo ambamo wazee wa zamani waliyeyushia shaba ya kutengenezea misalaba iliyokuwa fedha yao. Kila mwaka kambo aling'oa majani yaliyolizunguka, kisha akawaita watu wa vijiji vya jirani kuwaeleza kazi ile. Hakuwa na kingine cha kuwaonyesha.

Mimi niliona udongo uliokwisha kuiva tu. Nilitaka kitu kikavu cha kutandika chini ya matofali yangu, nikaona uvivu kwenda mbali. Kambo alipokwenda kuwaita wageni wake, nikalibomoa kwa nyundo, huku napiga mluzi. Ndiyo, mluzi! Hilo linaniuma hadi leo.

Kesho yake alirudi nao, tukapanda wote. Kufika juu, akasimama.

"Ni nani alibomoa?"

"Ni mvula, kambo," nikasema.

"Mvula? Mu mwezi ya saba?"

Mwanangu, huku kwetu mwezi wa saba hata wingu ni la kutafuta. Watu wote waliniangalia. Viatu vyangu vilikuwa bado vyekundu kwa vumbi la udongo ule. Kambo aliviona, akavua kofia, akawageukia wageni.

"Munisamehe, bantu. Ni miye. Sikuichunga muzuri."

Alibeba aibu yangu mbele ya watu, nami nikamwachia. Alikufa kabla mvua hazijaanza, na nilikuwa sijamwambia neno.

Kipande hiki ni cha tanuru hilo. Weka kidole gumba hapa: ni alama ya mtu aliyelijenga. Nimekificha miaka yote hii hapa nyumbani Kasungami, kama mwizi.

Nakuusia hivi: kitu cha wazee usikiguse kabla hujauliza kilikuwa cha nini. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo, angali yupo wa kukusikia. Mungu akupe mikono ya kutunza, na mdomo usioogopa kama wangu.

Jumamosi utanishika mkono tupande kule. Nitakirudisha kipande hiki mahali pake, na mbele ya wajukuu wa wale wageni nitasema: ni miye.